Mshale wa Hapana

Juzi mjukuu wangu alinionyesha mchoro wa programu ya kompyuta anayoibuni: maswali, mishale, ndiyo na hapana. Nilishindwa kutulia. Nilikumbuka ghala la kijiji chetu cha ujamaa, Mchinga, likinuka korosho na magunia yenye unyevu. Karani alikuwa amechora ukutani kwa mkaa: "Zimekauka? Hapana: rudi ukaanike." Mvua haikukoma, na mama alikuwa akirudishwa na korosho zake tena na tena.

"Jua liko wapi, mwanangu? Zitaoza!" alimwambia karani.

"Mama Salima, ukuta ndio unaosema."

Utotoni niliuchukia ukuta. Leo najua kosa lilikuwa uzembe usiovumilika wa mchoraji, aliyesahau njia ya kutokea mvua isipokoma.

Siku moja mama aliokota mkaa, akavuta mshale kutoka "hapana" hadi mezani kwa karani, akamwaga gunia zima hapo.

"Haya, anika wewe."