Goti Lililopima Sakafu

Fundi wa vigae waliyembandika jina la Sawasawa hakuwahi kuvaa vilinda magoti. Vile vya mpira walivyojifunga wenzake, yeye aliviita nepi. "Sakafu haidanganyi goti tupu," alikuwa akisema, kisha anaweka goti la kulia juu ya kigae alichotoka kukibandika, anatulia, na akiridhika anatamka lile neno lake: "Sawasawa." Pimamaji ya kupimia usawa alikuwa nayo kwenye kisanduku, ila aliitoa tu mbele ya mwenye nyumba mbishi. Fundi aliyemfunza alimkanya mapema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba guu lenyewe laweza kuchukua miaka ishirini na sita kuvunjika.

Maumivu yalipoanza, eksirei ilionyesha mifupa mizima. Shemeji zake wakapata la kusema: uvivu umemshukia magotini. Mkewe peke yake ndiye aliyemwamini, maana ndiye aliyemvuta kila asubuhi ainuke kitandani. Kwa hiyo alipopelekwa kwenye MRI, Sawasawa aliomba kwa moyo wote akutwe na ugonjwa. Ugonjwa una dawa. Uvivu wa kusingiziwa utautibu kwa dawa gani?

"Usitikise mguu, baba," mpiga picha alimwambia. "Hii si ile picha ya kawaida. Inapima gegedu, ule mto ulio katikati ya mifupa, mpaka ndani yake." Mashine ikagonga na kunguruma kama mafundi kumi wanaobomoa ukuta. Yeye akatulia tuli, akijipa matumaini.

Mchana daktari alimwonyesha goti lake kwenye kioo cha kompyuta. Mifupa ilikuwa ya kijivu, na juu yake ulipita utepe wa rangi.

"Penye buluu gegedu ni zima. Penye wekundu limechoka, halishiki maji inavyotakiwa."

"Na hapa pasipo na rangi?"

"Hapo hakuna kitu, mzee wangu. Limesagika lote."

Sawasawa aliuliza kifundi: "Si mnabandua pabovu, mnaweka jipya?"

"Pangekuwa padogo, tungejaribu. Hapa limeisha upande mzima, na gegedu halioti tena. Kazi ya kupiga magoti uache leo hii. Goti la kushoto nalo limeanza."

Alishukuru, kwa sababu alilelewa vizuri, akatoka akishika ukuta. Sasa alikuwa na ushahidi wa kuwafumba midomo shemeji zake wote, na hakuutaka. Alitamani mno angekuwa mvivu tu. Kazi nyingine hakuijua, na hata ile aliyoijua hakuwa nayo tena.

Njiani alipita dukani akanunua vilinda magoti, akaenda moja kwa moja kwenye jengo ambako mdogo wake alikuwa akiweka vigae. Sawasawa mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, tangu kuchanganya saruji hadi kupima kwa goti tupu. Alimkuta vivyo hivyo, goti la kulia chini, suruali imetoboka.

"Kaka! Daktari kasemaje?"

"Vaa hivi."

Mdogo mtu akaangua kicheko. "Nepi? Wewe, kaka, ndiye wa kunivisha nepi?"

"Vaa, nimekwambia! Langu limekwisha, na likiisha halirudi!"

Kicheko kikakatika. Mdogo wake akaegemea ukuta kwa kiganja, akainuka nusu, akapumzika, ndipo akamalizia kusimama. Sawasawa aliujua uinukaji huo. Ulikuwa wake.

"Lako limeanza lini?"

"Mwaka juzi."

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, kaka? Kila aliyelalamika magoti, wewe ulimwita mvivu."

Sawasawa alitaka kuinama amfunge vile vilinda magoti kwa mikono yake, kama alivyokuwa akimfunga kamba za viatu utotoni. Goti likakataa. Akabaki amesimama, navyo mkononi, machozi yakimtoka, juu ya sakafu isiyo na kasoro hata moja.