Dalali kanitambulisha kwa jirani yangu

Leo nimelipa shilingi themanini ili nitambulishwe kwa jirani niliyeishi naye miaka kumi na miwili.

Sicheki. Nimechoka tu.

Tangu mume wangu afariki, nyumba ya hapa Sumbawanga imenishinda. Nataka kurudi Pito kwa dada yangu. Nikamwomba dalali anitafutie mnunuzi kimyakimya.

Asubuhi tumekutana bomani kwa DC Mwingereza, mbele ya karani. Mnunuzi ni Saidi!

Saidi wa ng'ambo ya ua, ambaye mume wangu alikuwa akimpa makaa ya moto kila alfajiri ya baridi.

"Shikamoo, mama," akasema, macho chini.

"Marahaba. Mbona hukuniuliza mwenyewe?"

"Ningekuulizaje, nawe bado umevaa nguo za msiba? Na wewe mbona hukuniambia?"

Kumwambia jirani kwamba nauza nyumba ya marehemu? Ninyi wenzangu mngeweza?

Zile themanini za udalali zilikuwa za mabati ya chumba changu huko Pito. Sasa nitaezeka nyasi. Nikamsihi dalali apunguze.

"Mama," akasema taratibu, "mnanilipa kwa ajili ya maneno mliyoshindwa kuambiana."

Nikamhesabia zake. Saidi naye akamhesabia.

Kisha tukarudi njia moja, bado hatuna la kusema.