Tarehe Iliyomtoa Mwanaima Ghalani

Kuni ndizo zilizomwonyesha Mwanaima kwamba kijiji kimemtupa. Alikwenda nazo msibani kwa jirani, kama kila mwanamke wa Mbekenyera afanyavyo, akazitua penye mafiga. Wenzake wakachochea za kila mtu ila zake. Jioni mzigo wake ulikuwa palepale, kamba haijafunguliwa. Akajitwika, akarudi nao nyumbani. Hakuna aliyemuuliza.

Yote yalitokana na mizani. Kwa miaka mingi Mwanaima ndiye aliyetunza ufunguo wa ghala la chama cha wakulima. Shule hakuiona, lakini ghala lilifagiliwa na halikupotelewa na gunia. Mwaka jana, korosho zilipoanza kuletwa, watu wakagundua kuwa mizani ya umeme inawapunja. Akaitwa fundi, akasema kuna mtu ameiwekea programu nyingine. Ukiiwasha, kioo kinaonyesha tarehe ambayo programu hiyo ilitengenezwa: 09/06.

"Tarehe tisa, mwezi wa sita," fundi akasoma.

Mwezi wa sita ufuta ndio unaanza kupimwa, na ufunguo ulikuwa kiunoni kwa Mwanaima hadi mwisho wa mwezi wa nane. Ndipo alipokwenda Marambo kumuuguza mama yake, akamwachia karani, Swalehe, hadi aliporudi korosho zikiwa zimeanza kuletwa. Hesabu ikamwangukia Mwanaima.

Halfani, mwenyekiti wa chama, aliuchukua ufunguo mbele ya mkutano wa kijiji.

"Huyu hata kusoma hajui, mizani kaijulia wapi?" mtu mmoja aliuliza.

"Kusoma hajui, kula anajua," mwingine akajibu, na mkutano mzima ukacheka.

Mumewe alivumilia kidogo, kisha akahamia Nambilanje kwa mke mdogo. Alisema amechoka kunyooshewa vidole. Nani aliyenyooshewa, yeye au mkewe? Mwanaima hakumuuliza. Alimkunjia kanzu zake, akamfungia na sufuria.

Mwaka huu, wakati wa palizi, chama kilimleta Marselina, fundi mwingine kutoka Nachingwea, aitayarishe mizani kabla ya ufuta. Siku hiyohiyo Halfani alituma mtu kumwita Mwanaima. Aliwakuta wawili hao ofisini, waya umetoka kwenye mizani ukaingia kwenye kompyuta.

"Shikamoo mama," Marselina alisema. "Wewe ndiye uliyesingiziwa?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Aliyetengeneza hii programu anatanguliza mwezi, siku inafuata. Kuna nchi wanaandika hivyo. Ndiyo maana mimi siamini tarehe ya namba tupu. Kila mashine inaisoma kwa desturi ya kwao. Nimechimba ndani mpaka nikaipata pale mwezi ulipoandikwa kwa jina. Ni Septemba, tarehe sita."

Mwanaima alihesabu miezi kwa vidole.

"Mwezi wa sita ilikuwa haijatengenezwa, mama. Ungekiweka vipi kitu ambacho hakipo?"

Septemba alikuwa Marambo, anamgeuza mama yake kitandani. Ufunguo alikuwa nao Swalehe, ambaye siku hizi ana duka Ruangwa mjini.

Halfani alifungua droo, akausogeza ufunguo mezani. "Basi dada yangu, yamekwisha. Rudi kazini kwako."

"Uliuchukulia wapi?"

"Nini?"

"Ufunguo huu. Kwangu uliuchukulia wapi?"

"Si mkutanoni."

"Nirudishie hukohuko."

Halfani alijikuna shingo. "Watu wako mashambani. Halafu tukianza kufukua, Swalehe ni mtoto wa dada yangu. Ndiye wa kunizika yule."

"Na mimi, uliyeniita dada sasa hivi?"

Halfani akatazama mizani. Marselina akawa anakunja waya ambao ulikwisha kunjwa.

"Utauchukua au huuchukui?" Halfani aliuliza, sasa kwa sauti ya mwenyekiti.

Mwanaima aliutazama. Kamba yake ilikuwa ileile aliyoisokota mwenyewe. Akafunga khanga, akatoka, akauacha mezani.

Njiani alikutana na wanawake wanarudi kupalilia. Walimsalimu kama wasalimiavyo mpita njia, wakaendelea na yao. Wangejuaje? Yeye angewaambia, lakini nani angemwamini mtu anayejisafisha mwenyewe?

Kuni za msiba zilikuwa bado zimeegemea ukuta, mchwa wameanza kula upande wa chini. Alikuwa akiziweka kwa ajili ya siku watakayomwita. Akafungua kamba, akawasha moto, akasonga ugali wa mtu mmoja.