Uji wa Mbegu

Kuna mama mmoja anauza uji asubuhi karibu na stendi ya Sumbawanga. Uji wake ni wa ulezi mtupu, hauchanganyi na soya wala karanga kama wafanyavyo wengi siku hizi, na anaupika polepole mpaka unatoa ile harufu ya udongo uliolowa halafu ukapata moto. Nikipita pale, upepo wa baridi wa huku kwetu ukanisukumia harufu hiyo usoni, miguu hupunguza mwendo yenyewe. Ninaofuatana nao hudhani nina njaa. Huniambia, "Mwalimu, tunywe kidogo tupashe tumbo." Nami hunywa, kwa maana naupenda kuliko chakula kingine chochote. Lakini nikiwa na kikombe mkononi hujisikia kama mtu aliyeingia jikoni kwa watu akafunua chungu bila kukaribishwa. Sijawahi kuwaeleza sababu. Nyinyi nitawaeleza.

Nililelewa na baba, mama, na Shangazi Oresta, dada mkubwa wa baba. Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto, mrefu, mwembamba, mwenye sauti iliyokuwa ikitangulia kufika shambani kabla yake. Alinusa ugoro, na akipiga chafya sisi watoto tulikimbilia nje tukicheka, kwa sababu kuku wote walikimbia pia. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukilia alikuuliza unalia nini, ukimjibu alikuambia sawa, endelea.

Yeye ndiye aliyesimamia kula kwetu, na alikula kwa kufuata mvua. Mvua za kwanza zilipopiga tuliamka kuokota kumbikumbi, akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi. Masuku yakiiva porini alitupeleka, tukarudi na midomo inayonata na matumbo yamevimba. Ukifika wakati wa uyoga hakutaka kusikia habari ya mboga nyingine. Halafu yalikuja majani ya maboga, majani ya kunde, mahindi mabichi, maharage mapya, na kiangazi kikikaza baridi tulirudi kwenye mboga alizokausha juani na asali aliyoificha tusikoifikia. Hakuita vitu hivyo dawa. Dawa kwake zilikuwa nyingine: majani ya mkaratusi ya kujifukiza mafua, majani ya mpera kwa tumbo linaloendesha, asali kwa kikohozi. Mtoto akiugua, kabla ya kutafuta jani lolote, alimwuliza mama, "Huyu jana alikula nini?"

Kilichompa heshima kijijini kwetu kule zamani ni ulezi wake. Punje zake zilikuwa ndogo, nyeusi kidogo kuliko za wengine, na ulikomaa mapema. Alipewa mbegu na mama yake, naye aliipata kwa mama yake. Wazee walisema pombe yake haimwumizi mtu kichwa, na kwa jinsi walivyoinywa nadhani walikuwa na haki ya kusema. Wanawake walikuja kumwomba mbegu kabla ya msimu, wakaketi kwanza, wakasalimia kwa utaratibu, ndipo wakaeleza shida. Shangazi aliwaacha waeleze hadi mwisho ingawa alijua tangu walipotokea njiani. Nadhani huo ndio uliokuwa wakati wake mtamu wa mwaka.

Kisha tukahamishwa. Ilikuwa ile miaka ya kuingia vijiji vya ujamaa, na baba alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, kwa hiyo ilibidi sisi tuwe wa mbele kupanda lori. Mama alipakia masufuria, mikeka na kuku. Shangazi alikataa kukabidhi kilindo chake cha gome la mti, kilichokuwa na masuke ya mbegu. Alikipakata njia nzima, vumbi likimjaa kope. Tulipofika kwenye viwanja vilivyopimwa kando ya barabara, kabla hata ya kuwa na ukuta, alisimamisha mafiga, akatengeneza kichanja juu yake, akakiweka kilindo pale moshi unapopita ili wadudu wasiikaribie mbegu.

Mwaka ule tulilima mahindi ya kijiji. Shangazi hakupanda ulezi wake. Alisema ardhi ile bado ngeni, nyasi zinatakiwa zifukiwe kwenye matuta zioze kwanza, na mbegu ya mama yake haiwezi kutupwa mahali asipopajua. Angeipanda mwaka unaofuata. Mvua zikaja kidogo, zikakatika. Ghala zetu za zamani zilikuwa zimebaki nyuma na mchwa, na msituni kulikuwa mbali. Tukaanza kula unga wa yanga, ule wa njano ulioletwa kwa magari, wenye harufu ya gunia.

Ndipo surua ikaingia. Kaburi la kwanza la kijiji kipya lilikuwa la Regina, mtoto wa jirani, ambaye nilikuwa nacheza naye kupika matope. Mimi nilikuwa na umri wa kama miaka saba. Nakumbuka giza la chumba, macho yaliyogandamana, na mdomo uliojaa vidonda hata maji yaliniuma. Baba alinifunga kwa khanga nyuma ya baiskeli akanipeleka zahanati. Nilichomwa sindano, nikapakwa dawa ya zambarau mdomoni, nikapewa mafuta ya macho. Daktari, kama tulivyomwita, alikuwa kijana mpole aliyeonekana hajalala. Alimwambia baba, "Homa itashuka. Lakini huyu ameisha, mzee. Apate chakula laini, mara kwa mara. Mkimwacha hivi hatarudi kutembea."

Homa ilishuka kweli. Kula ndiko kulikonishinda. Ugali wa yanga niliutapika, na uji wa yanga nikautapika. Siku moja shangazi aliniangalia, akachukua kapu, akaondoka. Alirudi kwenye kijiji chetu cha zamani, ambako hatukutakiwa kurudi, na baba kama mjumbe alitakiwa kuwa wa kwanza kumzuia. Baba alijifanya anatengeneza mpini wa jembe. Jua linatua, shangazi akarejea amelowa hadi kiunoni kwa kuvuka mto, kapu limejaa majani ya maboga yaliyojiotea kwenye ua wetu wa zamani, uyoga, na sega la asali lililofungwa kwenye majani ya mgomba. Alisema nyumba imeanguka upande mmoja, na boga limepanda juu ya paa na kukaa pale kama mwenye nyumba.

Mboga zile alizipika rojorojo, nikala vijiko vichache. Asubuhi yake nilisikia jiwe la kusagia. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu tuhame. Nilisikia pia baba akizungumza naye kwa sauti ya chini.

"Dada, hiyo ni mbegu."

"Naijua."

"Ukiimaliza, mwakani utapanda nini?"

"Mwakani ni mbali. Nipishe, unanizibia mwanga."

Muda si mrefu akaja na kibakuli. Uji ulikuwa wa hudhurungi, mwembamba, una asali. Alininywesha kidogo kidogo, akisubiri nimeze, na haraka zake zote sijui alizipeleka wapi asubuhi ile. Haukutoka. Ulikaa tumboni, ukapata joto, nikalala.

Sasa, masikio yangu yalikuwa yamesikia neno mbegu, na akili ya mtoto ikalishika. Nilidhani ndilo jina la uji wenyewe, kama mtu anavyosema uji wa mchele au uji wa muhogo. Kwa hiyo nilipoamka nikasema, "Shangazi, nataka uji wa mbegu."

Mama alikuwa mlangoni. Aliweka ndoo chini, akatoka nje. Shangazi alinitazama, halafu akacheka, cheko lake kubwa la kukimbiza kuku. "Uji wa mbegu," alisema. "Haya, mama. Utapata uji wa mbegu."

Niliupata kila asubuhi, na jioni nilipodai. Niliuomba kwa jina hilohilo, nikiimba, nikipiga kijiko kwenye kibakuli. Miguu ilipoanza kunibeba nilimfuata hadi kwenye mafiga nikasimama chini ya kichanja, nikimtazama akishusha kilindo, akitoa suke moja, akilirudisha, akilitoa tena. Niliona anachelewa. Nilimhimiza. Hadi mahindi mabichi na maharage mapya yalipofika, nilikuwa nakimbia na wenzangu, na kilindo kilikuwa kimeshuka kutoka kwenye kichanja, mama anahifadhia chumvi.

Kila nilipopita kwao Regina, mama yake aliniita, akanishika mashavu, akaniminya kidogo kama mtu anayepima embe kama limeiva, akaniachia. Nilikuwa sipendi. Nilianza kuzunguka nyuma ya nyumba zao.

Msimu wa kupanda ulipokaribia, shangazi alinichukua kwenda kijiji cha jirani kwa mwanamke aliyeitwa Mama Dismas, aliyewahi kupewa mbegu naye. Safari hii shangazi ndiye aliyeketi kwanza, akasalimia kwa utaratibu, akaeleza shida yake. Mama Dismas alimsikiliza hadi mwisho, kisha akashika kichwa.

"Dada Oresta, nilikula. Mwaka huu wa yanga watoto wamenimalizia yote. Nilijisemea nitakuja kwako."

Wakatazamana, wakacheka wote wawili. Tuliporudi shangazi alikaa kando ya njia, akavua kiatu, akatafuta mwiba kwenye unyayo kwa muda mrefu. Niliinama kumsaidia. Hapakuwa na mwiba. Nikamwuliza, "Kwani ile mbegu yako iko wapi?"

"Ipo," alisema. "Inatembea." Akavaa kiatu.

Alipata mbegu nyingine kwa mtu aliyetoka Muze, akaipanda kwenye matuta nyuma ya nyumba. Iliota vizuri. Alipovuna alitafuna punje chache, akazitema mkononi, akasema, "Ni ulezi." Wanawake hawakuja tena kuketi uani kwetu kabla ya msimu.

Miaka ilipita. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikapata mchumba. Tulipokaa nyumbani kupanga harusi, nilitaka kumpa shangazi heshima mbele ya watu. Nikasema, "Shangazi, naomba pombe ya harusi yangu uitengeneze wewe, kwa ule ulezi wako wa zamani ambao wazee wanausifu mpaka leo."

Baba alitazama chini. Shangazi alitafuta kikopo chake cha ugoro. Mama alinishika mkono akanitoa nje, na huko nje, karibu na zizi la mbuzi, akaniambia kwa upole, "Usimwombe hiyo tena. Haipo. Uliimaliza wewe, mwaka ule wa surua."

Nilisimama pale na kila kitu kikarudi kwa mpigo: baba na sauti yake ya chini, mama akiiweka ndoo, mimi nikipiga kijiko. Zaidi ya yote niliisikia sauti yangu ikiimba. Mtoto akilishwa hajui, hilo najua, na nafundisha watoto, siwezi kumlaumu mtoto. Lakini mimi niliuomba kwa jina lake halisi. Kila asubuhi nilimtajia kitu anachopoteza, na kila asubuhi akaitika.

Jioni nilimkuta jikoni peke yake. Nikapiga magoti.

"Nani amekuambia?" aliuliza kabla sijafungua mdomo.

"Mama."

"Mama yako ana mdomo. Inuka, utachafua gauni."

"Shangazi, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ulikuwa na miaka saba. Ulikuwa mifupa na macho." Alichochea moto. "Kusamehe ni kwa aliyekosa. Wewe hukukosa, sasa huo msamaha nitautoa wapi?"

Nilitumaini angeishia hapo. Lakini hakuwa mtu wa kubembeleza, na sikuwa tena mtoto.

"Naikumbuka, sitakudanganya," alisema. "Kila mvua zikianza naikumbuka. Ilikuwa ya mama yangu. Nikiona suke la mtu naliangalia, nadhani labda ndiyo. Siyo." Akafunika chungu. "Na bado ningesaga. Hayo mawili nayabeba mimi. Wewe olewa."

Niliolewa, na pombe ilikuwa ya ulezi wa sokoni, na wazee waliinywa bila malalamiko. Shangazi alicheza ngoma hadi jua likachwa. Alifariki akiwa mzee sana, na kwa kadiri ninavyojua hakuiona tena ile mbegu katika shamba la mtu yeyote.

Utotoni niliamini nilipona kwa sababu watoto hupona. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba mwanamke asiye na mtoto alikuwa na kitu kimoja tu cha kuwaachia watakaokuja nyuma yake, akakisaga kwa mikono yake mwenyewe, suke kwa suke, huku akijua.

Siku hizi nikienda kupimwa, wauguzi vijana hushangaa. Husema damu yangu ni nzuri, mifupa ni imara, na huniuliza, "Bibi, siri yako nini?" Huwaambia wawe wanakula vitu vya msimu wake, majani, uyoga, nafaka isiyokobolewa, asali kidogo. Wanaandika, wananishukuru. Nami huvaa sweta langu upesi na kuondoka, kwa sababu wakiendelea kunisifu naona haya.