Karatasi za Hudi Zililala Kwangu

Tulikuwa watu watano siku hiyo pale gereji ya Parklands. Mimi na cherehani yangu barazani. Mume wangu, aliyekuwa akinyoosha mabati ya magari. Mwenye gereji, Mhindi wa kilemba aliyempa mume wangu kazi. Mama mzazi wa huyo mwenye gereji, kwenye kigoda, akichambua dengu. Na daktari wa meno wa Kileleshwa, mwenye gari. Majina yao yote ninayo kichwani, hata la mbwa wa gereji, lakini mjukuu wangu ameniambia niyaache, basi nimeyaacha.

Gari lilikuwa dogo, la Kiingereza, viti viwili tu, na hudi yake, lile paa la turubai la kukunja, ilikuwa imeoza. Uhuru tulikuwa tumeshauzoea, na kule Ulaya walikuwa wameacha kutengeneza hudi za gari hilo. Kuagiza moja iliyobaki stoo kwao ilikuwa bei ya ng'ombe, na mvua haingoji meli. Mwenye gereji akaniambia, "Mama, wewe unashona yunifomu. Hii pia ni nguo tu. Fumua ya zamani, kata kama hiyo."

Sikuifumua. Turubai lililokaa juani miaka mingi hunywea. Ukilifuata, unashona kunywea kwake. Nilipasua mifuko ya saruji, nikatandika karatasi juu ya vyuma vya gari, nikakata, nikabandika, nikakata tena, wiki nzima, mpaka nikapata kipimo cha kukatia turubai. Kushona kwenyewe kulikuwa kwa siku moja. Hudi ikakaza kama ngozi ya ngoma. Daktari akaifunga, akaifungua, akaifunga, akicheka peke yake.

Basi malipo. Mwenye gereji akanipa ya siku moja.

"Na wiki ya karatasi?"

"Karatasi si imemaliza kazi? Acha hapa. Gari kama hii ziko nyingi hapa Nairobi."

Hapo nikamwelewa. Hudi ya kwanza hula. Zinazofuata ndizo zinazolisha. Alitaka nibaki na ile inayokula, yeye achukue zinazolisha.

"Karatasi zinaenda nyumbani," nikasema.

Mume wangu akaweka nyundo chini. "Mama watoto, mpe tu. Utanifukuzisha kazi."

"Akikufukuza tutakula mboga. Karatasi sitoi." Nikazifunga kwenye leso, nikajitwika.

"Usirudi na hiyo cherehani hapa!" mwenye gereji akapiga kelele.

"Nani amekuambia narudi? Utanifuata."

Mume wangu hakufukuzwa. Mabati nani angeyanyoosha? Lakini ile hudi iliyooza mwenye gereji aliifumua, akampa fundi mwingine wa cherehani akate kama hiyo. Likaja gari la pili, la karani wa benki wa Muthangari. Hudi haikufika kwenye kioo cha mbele. Walivuta watu wawili, mmoja amepanda boneti, mpaka vishikizo vikang'oka. Mume wangu alinisimulia jioni akishika mbavu kwa kicheko: yule mama mzee alisukuma sinia la dengu, akamwambia mwanawe, "Turubai umeharibu ingelipa ile mama. Sasa nenda!"

Akaja mwenyewe mpaka chumba chetu Kangemi, kilemba kimelowa manyunyu.

"Mama, utaniua."

"Hujafa. Ile wiki nitaigawa kidogo kidogo kwenye kila hudi, na utalipa. Na karatasi zinalala kwangu."

"Nikikataa?"

"Rudi nje uangalie mawingu."

Hakwenda nje. Aliomba chai, nikampa, tena ya maziwa.

Nilishona hudi za magari yale mpaka wanangu wakamaliza shule, na hakuna karatasi hata moja iliyolala gereji.

Kama yuko hai aliyekuwepo, anisahihishe. Mimi gari naliona jekundu, huenda lilikuwa kijani. Dengu huenda zilikuwa choroko. Nitakubali. Lakini asije mtu kuniambia ilikuwa kazi ya siku moja.