Somo la Bombomu

Makuruta walimwita Sajini "Bubu", maana nje ya darasa hakuwa na la kusema na mtu. Darasani ndipo ulimi ulipomfunguka. Asubuhi hiyo alitandika turubai sakafuni, akalaza bunduki ya kawaida ya askari, na kando yake akasimamisha bombomu nyepesi kwa miguu yake miwili ya mbele.

"Afande, ipi bora?" aliuliza kuruta mmoja wa kike.

"Bora kwa kazi gani?" Akainyanyua bunduki kwa mkono mmoja. "Hii ni ya mtu anayekwenda. Unakimbia nayo, unaingia nayo mlangoni, unalenga, unapiga moja moja. Hiyo nyingine ni ya mtu anayebaki. Unalala nayo chini, unamimina risasi mfululizo ili adui asithubutu kuinua kichwa wenzako wanaposogea. Ni nzito, inabugia risasi, na mtutu ukipata moto sharti ubadilishwe. Ndiyo maana inataka watu wawili: mmoja afyatue, mwenzake alishe mkanda."

"Na mwenzako wewe yuko wapi, afande?"

Darasa likacheka. Kuruta hakuwa na nia mbaya, na Sajini alilijua hilo. Akawaamuru waanze kufungua vipande, akageukia dirishani akijifanya anatazama gwaride.

Mwenzake alikuwa shemeji yake. Vitani walilala bega kwa bega nyuma ya bombomu, wakiwatazama wenye bunduki wakipotelea mbele na kuwaacha wawili tu kilimani. Jamaa alikuwa na maneno huyo! Mkanda mkononi, risasi zinarindima, yeye anauliza: "Hivi dada yako anawapenda wanaume wafupi?"

Walirudi salama wote wawili, harusi ikafungwa. Kilichomwondoa shemeji ni figo, mwaka jana, Sajini akiwa kambini anafundisha. Tangu mazishi hakukanyaga kwa dada yake. Hakujua angemtazama kwa macho gani.

Jioni ile alikwenda.

"Kumbe njia unaijua," dada alisema, akampisha apite.

Walikaa sebuleni, chai ikipoa.

"Kaka, alikuwaje huko? Mimi alinificha kila kitu."

Sajini akamsimulia kilima, mkanda, na swali la wanaume wafupi. Dada alicheka mpaka akajifunika uso kwa viganja, na alipoendelea kutikisika Sajini akatambua kuwa hakikuwa kicheko tena. Hakujua la kufanya. Akasogeza kiti, akakaa karibu naye.

"Na mimi ninamkumbuka," alisema. "Sina mtu wa kuongea naye."

"Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Sajini akanywa chai iliyokwisha poa.

Kambini hakuna kilichobadilika: chumba kile kile, sahani moja, kikombe kimoja, sauti za majirani ukutani. Lakini Jumapili alikwenda tena kwa dada yake, na iliyofuata pia. Siku nyingine maneno yaliwaishia mapema, wakakaa tu, redio ikiongea kwa niaba yao.