Macho ya Bibi na Kadi ya Picha

Soko huria lilipotufungulia milango, mimi na kaka yangu tulinunua kompyuta ya mitumba tukafungua studio ya video sebuleni kwetu, Ibighi, hapo Tukuyu. Kazi yetu kubwa ilikuwa harusi. Kwenye kompyuta tuliingiza picha peke yake bila sauti, maana tuliamini sauti inakula nafasi ya diski, kisha tukapiga muziki juu yake mwanzo hadi mwisho. Wateja walipenda hivyo, nasi tukaona ndio ufundi wenyewe.

Mama alipofariki, mama yake mzazi alikuja kutoka Kyimo na ombi moja. Bibi alitaka kumwona mwanawe kwenye mkanda wa harusi ya dada yetu, pale alipokuwa akitoa nasaha. Macho yake yalikuwa yanaingia giza na alijua hayatarudi. Mkanda wenyewe ulikuwa umeota ukungu, maana Tukuyu hakuna kinachokauka. Tuliucheza mara moja tu tukiingiza picha peke yake kwenye kompyuta, kama kawaida yetu, ukakatikakatika, tukautupa.

Kusafisha ile picha ndiko kulikotutoa jasho. Kadi ya picha, kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora kila kinachoonekana kwenye kioo, ilipewa kazi ndefu, na mfumo wa kompyuta hauna subira: usipopata jibu ndani ya sekunde chache, unaamua kadi imekufa, unaizima na kuiwasha upya. Kioo kinakuwa cheusi, kinarudi, na kazi yote imepotea. Tukaongeza muda wa kusubiri. Kompyuta ikaganda kabisa. Mimi nilitamani kuipiga teke. Bibi, aliyekuwa ameketi mkekani, alisikia feni inavyonguruma, akavua shuka yake na kuifunika mashine.

"Inatetemeka kwa baridi hii, wajukuu zangu, na nyie mnaigombeza tu."

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Ndiyo mara ya mwisho kucheka naye, na ninaikumbuka kwa uchungu.

Mwishowe tulipata dawa yake: kuimega kazi vipande vidogo, kila kimoja kimalizike kabla mfumo haujakata tamaa. Ikakubali, ila kwa mwendo wa konokono, na umeme nao ulikatika unavyojisikia. Bibi akarudi Kyimo kwenye migomba yake kusubiri. Laiti kazi ile ingeisha mapema!

Tulipomwita tena, aliletwa kwa kushikwa mkono. Mama alikuwa pale kwenye kioo, safi kabisa, hata shanga za shingoni zilionekana moja moja. Muziki ukalia. Bibi hakutazama. Aliinama akasogeza sikio.

"Simwoni tena," alisema. "Zimeni huo muziki, nisikie anavyosema."

Kaka alinitazama, kisha akauzima. Mama akaendelea kuchezesha midomo, na bibi akaendelea kutega sikio.